Macho Yatangulie Mkono: Kumtambua Mbwa Anayechechemea kwa Kumtazama Anavyokwenda

Mada kwa wafugaji, masheha na wananchi wa Unguja



Mbwa hana sifa kubwa katika mazungumzo ya Waunguja, lakini kazi yake haifichiki. Usiku hulinda mabanda ya kuku na mbuzi. Makondeni hufukuza kima na nguruwe mwitu wanaofukua mihogo. Katika maweni ya kusini na mashariki ya kisiwa, wasasi wamekuwa wakiingia porini naye tangu enzi za mababu. Hata Mji Mkongwe, ambako paka ndiye mwenyeji wa vichochoro, zipo nyumba na maghala yanayolindwa na mbwa.

Mbwa huyo anapoanza kuchechemea, au kwenda chopi, makosa mawili hutokea. Mbwa mwenye mwiba wayoni hukimbizwa kwa mawe kwa kudhaniwa ana kichaa, na mbwa mwenye kichaa hukaribiwa kwa huruma kwa kudhaniwa ameumia mguu. Kosa la kwanza humpotezea mfugaji mlinzi wake; la pili linaweza kumpotezea mtu maisha. Yote mawili huepukwa kwa jambo moja, nalo ni kumtazama mbwa anavyokwenda kabla ya kumkaribia.

Njia hii inawafaa watu wa visiwa hivi kwa sababu nyengine pia. Wengi hufuata madhehebu ya Imamu Shafi'i, ambayo humtaka aliyeguswa na rutuba ya mbwa ajioshe mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Kwa hivyo wafugaji wengi humlisha mbwa na kumpa maji bila ya kumshika, na jeraha hugunduliwa likiwa limeshaoza. Macho hayahitaji kuoshwa mara saba. Mwenye kuyatumia vizuri hupata habari nyingi akiwa amesimama hatua kumi.

Pahala na mwendo

Ichaguliwe ardhi ngumu na ya sawasawa: kiwanja cha mpira, barabara tulivu asubuhi, au ufukwe wakati wa maji kupwa, mchanga ukiwa umeshikana. Mbwa aongozwe na mtu aliyemzoea, kwa kamba iliyolegea. Kamba ikivutwa, kichwa hakiwi huru, na kichwa ndicho kinachotoa siri.

Mwendo unaofaa zaidi ni wa mchakamchaka. Katika mwendo huo miguu hukanyaga kwa jozi, mmoja wa mbele pamoja na wa nyuma wa upande wa pili, na kila jozi hupokea uzito sawa na nyengine. Kasoro ndogo huonekana haraka. Mbwa akikimbia kwa kasi, kasoro hufichika. Akenda polepole mno, maumivu madogo huenda yasionekane. Mtazamaji amtazame akija, akenda zake, kisha akipita ubavuni.

Mwenye simu apige video na kuitazama kwa mwendo wa polepole. Video hiyo humsaidia pia daktari wa mifugo, kwani mbwa wengi huficha maumivu wakiwa mbele ya mgeni.

Miguu ya mbele: tazama kichwa

Mbwa aliyesimama hubeba takriban asilimia 60 ya uzito wake kwa miguu ya mbele na asilimia 40 kwa ya nyuma. Mguu wa mbele ukiuma, hujaribu kuupunguzia mzigo kwa kuinua kichwa pale mguu huo unapokanyaga. Mguu mzima unapokanyaga, kichwa hushuka.

Hapa ndipo wengi hukosea. Huona kichwa kikishuka, wakadhani mguu uliokanyaga wakati huo ndio mbovu. Kanuni ni kinyume chake: kichwa hushukia mguu mzima.

Miguu ya nyuma: tazama nyonga

Mtazamaji asimame nyuma ya mbwa na kulinganisha nyonga mbili. Ule upande ambao nyonga yake hupanda na kushuka zaidi ndio wenye tatizo, na mara nyingi nyonga hiyo huonekana kurushwa juu mguu mbovu unapokanyaga. Mkia nao huweza kupanda na kushuka pamoja nayo.

Kwa miguu yote, ziangaliwe pia hatua. Mguu unaouma hukaa chini muda mfupi na hatua yake huwa fupi. Kwenye mchanga wa pwani, unyayo wake huweza kuwa mwepesi kuliko wa mguu mwenziwe.

Wakati nao una habari yake. Mbwa anayeamka akiwa mkavu wa viungo, kisha akalainika akitembea, huenda ana ugonjwa wa viungo, khasa akiwa mzee. Anayeanza vizuri na kuchechemea baada ya kazi huenda ameumia msuli au mshipa.

Wenye magari ya punda wanaweza kutumia kanuni hizi hizi za kichwa na nyonga. Punda ni mvumilivu; anapofika kuchechemea waziwazi, huwa ameumia kwa muda.

Sababu zilizo karibu

Sababu nyingi ziko wayoni: mwiba, chupa iliyovunjika, jiwe kali la maweni, ukucha uliovunjika au uliorefuka hadi kuingia nyamani. Baadhi ya magonjwa yanayoletwa na kupe huvimbisha viungo, na mbwa huonekana kuchechemea mguu mmoja leo na mwengine siku za baadaye. Waliogongwa na vyombo vya moto wapelekwe kwa daktari hata kama wanatembea.

Mbwa asipewe dawa za maumivu za binadamu. Ibuprofeni na diklofenaki huweza kumtoboa tumbo na kumharibu figo, na parasetamoli huweza kumdhuru ini.

Kuchechemea si kuyumba

Mbwa anayechechemea ana mguu unaouma, na anajua pa kuuweka. Kasoro yake hujirudia kwa mpangilio, hatua baada ya hatua. Mbwa anayeyumba hana mpangilio: miguu hupishana, vidole huburutika, kiuno hupepesuka, au nyuma hulegea. Tatizo lake liko kwenye uti wa mgongo, ubongo au mishipa ya fahamu. Linaweza kutokana na pigo au sumu, na linaweza kuwa kichaa cha mbwa, ambacho si lazima kianze kwa ukali. Mbwa mwengine hupooza kimyakimya.

Kuyumba kukiandamana na mate mengi, taya lililoanguka, mlio uliobadilika, kushindwa kumeza au tabia ngeni, mbwa huyo asikaribiwe, asipigwe wala asifungwe na mtu asiye na ujuzi. Watoto waondolewe, na taarifa ipelekwe haraka kwa sheha na afisa mifugo. Kutokuwepo kwa dalili hizo hakumfanyi mbwa anayeyumba kuwa salama.

Aliyeng'atwa, au aliyeingiwa na mate kwenye jeraha, aoshe pahala hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha ende hospitali siku hiyo hiyo kwa ajili ya chanjo. Dalili zikishamtokea binadamu, karibu hakuna anayepona.

Pemba imetoa somo. Kichaa cha mbwa kilitoweka huko mwaka 2014, kikaingia tena mwaka 2016, na kikadhibitiwa upya kwa kampeni za kuwachanja mbwa. Kisiwa kinachopokea vyombo kila siku hakina ukuta. Kinga yake ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa wote, na wananchi kutoa taarifa mapema.

La kufanya

Mbwa anayechechemea lakini anakula na kumtambua mwenyewe apumzishwe siku moja au mbili pahala penye kivuli na maji, huku akitazamwa asubuhi na jioni. Hali isipopungua, mguu ukivimba, au asipoukanyaga kabisa, aitwe daktari wa mifugo. Atakayemshika avae glavu na amfunge mdomo kwa kitambaa, kwani mbwa mpole huuma akiwa na maumivu.

Mafundisho yanayojulikana na kila mtoto wa chuoni yanasimulia habari za mtu aliyesamehewa kwa kumpa maji mbwa mwenye kiu. Mtu huyo alimtazama mbwa kwanza, akaijua shida yake, ndipo akamsaidia. Mfugaji wa Unguja anaombwa utaratibu huo huo: dakika tano za kutazama, kabla ya jiwe na kabla ya mkono.