Namba Moja Kwenye Fomu ya Madai: Ugonjwa wa Kurithi wa Konea na Haki ya Mwenye Bima



Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Haki ya matibabu nayo ni mali, na daftari lake ni jalada la hospitali pamoja na fomu ya madai ambayo mgonjwa huitia saini, mara nyingi bila kuisoma. Leo tunapenda kulieleza jambo hili kwa mfano wa ugonjwa mmoja usiozungumzwa sana, yaani ugonjwa wa kurithi wa kioo cha mbele cha jicho, ambao wataalamu huuita distrofia ya konea.

Konea ni sehemu angavu iliyo mbele ya mboni, nayo ndiyo hupitisha mwanga kuingia ndani ya jicho. Katika ugonjwa huu, kasoro ya vinasaba husababisha uchafu wa protini au vitu vinginevyo kujikusanya ndani ya konea, ama tabaka lake la ndani kudhoofika, hata uangavu ukapotea. Kwa kawaida hushika macho yote mawili, huendelea taratibu kwa miaka mingi, wala hauambukizi. Zipo aina ambazo mzazi mmoja mgonjwa anatosha kuurithisha, na kila mtoto wake huwa na uwezekano wa nusu kwa nusu. Ipo pia aina ambayo wazazi wote wawili hubeba kasoro hiyo pasipo kuugua wao wenyewe. Kwa hiyo, kusema “kwetu hakuna mwenye macho mabovu” hakuondoi uwezekano wa ugonjwa wa kurithi.

Sasa tuje kwenye maandishi. Mtoa huduma anapodai malipo, ugonjwa huandikwa kwa msimbo, yaani herufi na tarakimu zilizopangwa katika Uainishaji wa Kimataifa wa Magonjwa wa Shirika la Afya Duniani. Katika toleo la kumi, distrofia za kurithi za konea zimewekwa chini ya H18.5. Uvimbe wa konea, ukiwemo ule unaotokana na vijidudu, huandikwa chini ya H16. Makovu na ukungu wa konea huandikwa chini ya H17. Kwa macho ya mgonjwa hali hizi zaweza kufanana, kwa kuwa zote huleta ukungu. Kwa macho ya mlipaji, hayo ni mambo matatu tofauti.

Tuchukue mgonjwa ambaye kwa miaka kadhaa ameandikiwa kovu la konea. Siku daktari bingwa anapoomba kibali cha kumpandikiza konea kwa sababu ya distrofia, mkaguzi wa madai hukuta jalada lenye kauli mbili zinazopingana. Atauliza kovu hilo lilitokana na nini, na ugonjwa huu mpya umetoka wapi. Kibali hukawia, na wakati huo huo jicho halimsubiri mkaguzi. Hasara ya pili huenda ikawa kubwa zaidi: ndugu na watoto wa mgonjwa hawaitwi kupimwa, kwa kuwa hakuna aliyeandika kwamba ugonjwa ni wa ukoo.

Yafaa pia kujua kwamba H18.5 hubeba kundi zima. Marekani imeongeza tarakimu zinazotenganisha aina za distrofia, na jicho la kulia na la kushoto. Toleo la kimataifa halina tarakimu hizo. Kwa sababu hiyo, aina ya ugonjwa haina budi kuandikwa kwa maneno katika jalada.

Jambo jingine linalozaa migogoro ni tofauti kati ya ugonjwa wa kurithi na kasoro ya kuzaliwa. Mikataba mingi ya bima huwa na orodha ya mambo yasiyogharamiwa, na kasoro za kuzaliwa zaweza kuwa miongoni mwake. Hata hivyo, Uainishaji wenyewe huyatenganisha mambo haya mawili: kasoro za kuzaliwa za konea zimo katika sura ya herufi Q, chini ya Q13, ilhali distrofia za kurithi zimo katika sura ya magonjwa ya macho, ya herufi H. Ukikataliwa kwa kifungu cha kasoro za kuzaliwa, soma kifungu hicho neno kwa neno. Kama hakitaji magonjwa ya kurithi, unayo hoja ya kuiwasilisha.

Vivyo hivyo kwa kifungu cha ugonjwa uliokuwepo kabla ya bima. Mkataba mmoja waweza kuhesabu ule tu ambao dalili zake zilikwisha kuonekana. Mwingine waweza kuhesabu hata uliokuwa haujajulikana. Ndiyo maana tarehe ya dalili za kwanza ina uzito mkubwa katika jalada.

Hapa hatuna budi kusema wazi. Msimwombe daktari aandike msimbo mwingine ili malipo yapite. Huo ni udanganyifu, na waweza kumfanya mwenye bima apoteze kinga yake yote. Aidha, anayejua kwamba ana ugonjwa huu na kuuficha anapojaza fomu ya maombi, humpa mlipaji sababu ya kumkatalia baadaye. Ukweli ulioandikwa vizuri ndiyo ngao iliyo imara.

Basi tunawashauri haya. Kwanza, mwombeni daktari aandike jina kamili la ugonjwa, jicho au macho yaliyoathirika, kiwango cha kuona cha kila jicho, tarehe ya dalili za kwanza na historia ya ukoo. Pili, someni fomu kabla ya kutia saini, na mkiona kosa ombeni lirekebishwe na daktari mwenyewe, kwa tarehe na saini yake. Tatu, tunzeni nakala za vipimo, picha za macho na barua za rufaa. Nne, mkikataliwa, dai sababu kwa maandishi, pamoja na kifungu kilichotumika. Msiporidhika na jibu la kampuni ya bima, kwa Tanzania mlango wa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima uko wazi.

Mwisho, taarifa za afya na za vinasaba ni siri ya mwenyewe. Mpeni nakala anayestahili tu, na ulizeni zitatumiwa kwa kazi gani.