Mwewe na Mji Wake: Kupiga na Kuhariri Picha za Ndege Wawindaji Kisiwani Mombasa



Niliombwa nizungumzie kwenye kikao hiki namna ya kupiga picha za ndege wawindaji na kuzihariri. Nitafanya hivyo, lakini niseme mapema ninakoelekea. Picha ya mwewe iliyopigwa Mombasa ni ushahidi wa mambo mawili kwa pamoja, ndege na mji anaoishi. Anayefuta waya, kunguru, mabati na taka ili ndege abaki peke yake kwenye anga safi ameharibu ushahidi huo, hata kama picha yake itapendwa na watu elfu.

Tuanze na ndege wenyewe. Vijana wengi wakipata lenzi ndefu huanza kuuliza nauli ya Tsavo, ilhali mwewe mwenye mdomo wa manjano yuko juu ya vichwa vyao, anazunguka juu ya soko la samaki karibu na Bandari ya Kale, juu ya Marikiti, juu ya mibuyu ya barabara ya Mama Ngina. Ni ndege mkubwa, mabawa yakikunjuliwa yanakaribia mita moja na nusu, na mkia wake wenye panda huupinda huku na huku kama usukani wa ngalawa. Upande wa mikoko ya Tudor, mwenye subira anaweza kumwona furukombe. Kisha kuna wapita njia. Kati ya Oktoba na Desemba, vipanga wa Amur hutoka Siberia na kaskazini mwa China, wakapitia Bara Hindi na kuvuka bahari hadi Afrika ya Mashariki, wakielekea kusini mwa bara hili. Vipanga wa kijivu nao huzaliana kwenye visiwa vya Oman, kikiwemo Fahal kilicho mbele ya Maskat, halafu huenda Madagaska. Mvua za vuli zikitoa kumbikumbi, ndio wakati wa kuinua macho.

Uzito wa jambo hili unaonekana kwenye takwimu. Januari 2024, jarida la Nature Ecology & Evolution lilichapisha utafiti kuhusu spishi 42 za ndege wawindaji wa savana za Afrika. Spishi 37 kati ya hizo, yaani asilimia 88, zilikuwa zimepungua katika kipindi cha kati ya miaka 20 na 40. Takwimu za namna hiyo hutokana na watu walioandika walichokiona, wapi na lini. Kamera zetu zinaweza kuwa sehemu ya kazi hiyo, kwa sharti kwamba tunachokitoa kinaaminika.

Upepo, jua na ukuta wa ngome

Mwewe hukabili upepo anapotaka kuelea mahali pamoja au kutua. Kwa hiyo ukitaka uso wake, simama upande upepo unakotoka. Msimu wa kusi, jiweke upande wa Ngome ya Yesu uangalie kaskazini, kuelekea Bandari ya Kale. Msimu wa kaskazi geuza, ukae upande wa pili uangalie kusini. Hapo tu ndipo jua linapoleta ubishi. Katikati ya mwaka, wakati wa kusi, jua hupita upande wa kaskazini wa anga letu, na Desemba na Januari, wakati wa kaskazi, hupita upande wa kusini. Maana yake ni kwamba upepo unakugeuza ukabiliane na jua misimu yote miwili, na saa za mchana ndege atatoka kivuli cheusi juu ya mbingu nyeupe.

Dawa ni saa. Asubuhi na alasiri jua liko pembeni, na Mji wa Kale una zawadi ambayo mbuga haina, yaani kuta zilizopakwa chokaa na maji yaliyo karibu, ambavyo hurudisha mwanga juu hadi chini ya mabawa. Mwewe anayepita chini, kati ya nyumba na maji, huonekana manyoya ya tumbo moja moja. Kumbuka pia kwamba pwani ya Mji wa Kale inatazama mashariki. Alfajiri jua huchomoza upande wa Nyali, mbele yako, na alasiri huwa mgongoni. Anayetaka kuta za mji ziwe nyuma ya ndege, zenye mwanga wa asubuhi, apande mashua au avuke ng'ambo. Saa sita mchana afadhali uende ukale, kwa sababu joto linalopanda kutoka kwenye mabati hufanya picha itetemeke, na hakuna lenzi ya bei yoyote itakayolirekebisha.

Kupima mwanga ndiko kunakowashinda wengi. Kamera ikiachiwa iamue yenyewe, ndege akiwa angani inafifisha picha, akishuka mbele ya nyumba inabadilisha tena, na akipita mbele ya ukuta mweupe inapotea kabisa. Mimi hupima mara moja kwenye ukuta mkongwe wa ngome, ule wa matumbawe uliochakaa usio mweupe wala mweusi, nikafunga vipimo kwa mkono na kuviacha hivyo mpaka wingu lije. Kwa ndege anayepaa polepole, kasi ya 1/2000 ya sekunde inatosha. Akianza kupiga mbizi, nenda 1/3200. Lenzi ya milimita 400 inatosha kisiwani, kwani mwewe wa mjini hawaogopi watu.

Tukio lenyewe ni fupi. Mvuvi anasafisha changu, anatupa matumbo. Mwewe hashuki papo hapo. Huzunguka, huinamisha kichwa, mkia hupinda upande mmoja, na hapo ujue anakuja. Hunyakua kwa miguu bila kutua, hupanda tena, kisha akiwa bado anaruka huleta miguu mbele na kuinama kula. Wengi huacha kupiga mara tu anaponyakua. Endelea, maana ule mlo wa angani ndio unaoonyesha makucha, mdomo na jicho kwa pamoja.

Nasikia kuna wanaonunua utumbo na kuurusha ili mwewe waje kwa wingi. Nalipinga jambo hili. Mwewe aliyezoeshwa kurushiwa chakula na mtu hatofautishi kati yako na mtoto aliyeshika sambusa, na mtoto akikwaruzwa, mtaa mzima utachukua mawe. Mvuvi yuko kazini kwake na matumbo atayatupa. Msubiri.

Vilevile, lenzi ya milimita 600 ikielekezwa juu ya mapaa ya Kibokoni haioni ndege tu. Inaona nguo kwenye kamba, inaona mama aliyepanda darini kupunga upepo akijua hakuna macho ya nje. Piga hodi, jitambulishe, omba ruhusa kwa mwenye nyumba, na ukishapiga, waonyeshe watu wa nyumba picha zenyewe. Droni zinahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na hata ukiwa nacho, mwewe huona mvamizi. Sipendekezi.

Kuhariri

Piga faili ghafi na ulihifadhi bila kuligusa. Hiyo ndiyo hati yako. Mashindano makubwa huidai kabla ya kutoa tuzo, na yana sababu. Mwaka 2010 mshindi wa tuzo ya Wildlife Photographer of the Year alinyang'anywa ushindi baada ya waamuzi kuona kuwa mbwamwitu aliyempiga picha akiruka lango alikuwa mnyama wa kufugwa. Mwaka 2018 Makumbusho ya Historia Asilia ya London yalifuta picha nyingine iliyoshinda, yakisema mnyama mla mchwa aliyeonekana kwenye kichuguu alikuwa mfu aliyekaushwa, ingawa mpiga picha alikana. Picha zote mbili zilikuwa nzuri mno.

Yapo marekebisho ambayo sina ugomvi nayo. Kuinua mwanga wa vivuli ili macho ya kahawia ya mwewe yaonekane, kunyoosha upeo wa bahari uliolala, kupunguza chembechembe zinazotokana na mwanga hafifu, kukata kingo za fremu. Kukata kunapunguza kilichomo na hakuongezi kisichokuwepo, na kama mtu wa nyumbani ameingia kwenye kona ya picha, kukata ni wajibu. Ikiwa hawezi kukatwa, picha isitoke.

Hatari huanzia kwenye rangi. Mwewe mzima ana mdomo wa manjano. Kinda aliyeanza kuruka ana mdomo mweusi, na mwewe weusi wanaokuja kutoka kaskazini wakati wa baridi ya kwao nao wana mdomo mweusi wenye manjano mzizini tu. Sasa mtu anaipaka picha nzima rangi ya machweo kwa sababu inapendeza, na mdomo mweusi unaanza kuelekea manjano. Kwa mtelezo mmoja wa kidole, umri wa ndege umebadilika, na pengine nchi aliyotoka imebadilika. Pima weupe kwenye kitu unachojua rangi yake, ukuta wa chokaa kwa mfano, halafu uuache mdomo useme wenyewe.

Programu za akili bandia zinazodai kurudisha ukali wa picha zinanitia wasiwasi zaidi. Picha ikiwa na ukungu, programu haijui manyoya yalikuwaje. Inakisia kwa kufuata ndege wengine iliyowahi kulishwa, na kuchora mistari ambayo huyu wako huenda hana. Baya zaidi ni kuziba mapengo. Ndege mwindaji hupukutisha manyoya ya mabawa kwa zamu, na pengo la unyoya mmoja kila upande ni habari inayomsaidia mtaalamu kukadiria umri na afya yake. Mhariri anayejaza pengo hilo ili bawa lionekane kamili amempa ndege bawa ambalo hakuwa nalo siku ile.

Sasa waya, kunguru na taka. Waya wa umeme unaopita mbele ya mwewe unatukera, nakubali. Lakini huo ndio waya anaotua juu yake, na nguzo za umeme huua ndege wakubwa kila pahali duniani. Kunguru mwenye shingo ya kijivu anayemvuta mkia ni mgeni aliyeletwa Zanzibar kutoka Bara Hindi mwishoni mwa karne ya 19 na kufika Mombasa katika miaka ya 1940. Mwaka 2024 Shirika la Huduma za Wanyamapori lilitangaza mpango wa kuwaondoa kunguru milioni moja pwani. Je, mwewe wataongezeka kunguru wakipungua? Watabadilisha wanakojenga? Majibu yanaweza kutoka kwenye picha zetu za miaka hii, ila kunguru awe bado yumo ndani.

Taka zina kisa chake. Mwaka 2011 watafiti waliochunguza mwewe weusi huko Doñana, kusini mwa Hispania, waliandika katika jarida la Science kwamba ndege hao hupamba viota kwa vipande vya plastiki nyeupe. Waliopamba sana walikuwa wenye nguvu, na jirani zao waliwaheshimu. Wadhaifu walipamba kidogo. Kumbe kile kipande cha mfuko kinachoning'inia kwenye kiota, ambacho kila mhariri hukimbilia kukifuta, huenda ni tangazo la mwenye kiota. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017. Aliye na picha za viota vya mwewe wa Mombasa kabla ya siku hiyo, zisizofutwa kitu, ana kitu cha kulinganisha na viota vya leo.

Kwa hiyo nina pendekezo kwa kikao hiki. Tugawane miti na minara ya kisiwa, kila mmoja na yake, apige kutoka mahali palepale kila mwezi, kusi na kaskazi. Faili ghafi zihifadhiwe mahali pawili. Orodha ya ndege ipelekwe kwenye Kenya Bird Map, ambako watu wa kujitolea hurekodi kwa miraba ya takriban kilomita tisa kila upande. Mahali vilipo viota vya bundi na vya vipanga pasitajwe hadharani, kwa sababu bundi bado anauawa kwa hofu na kipanga bado ana wanunuzi. Na chini ya kila picha tunayoitoa, tuandike kilichofanywa, kwa mfano: mwewe kinda, mdomo mweusi, Bandari ya Kale, alasiri, upepo wa kusi, vivuli vimeinuliwa, ukingo wa kushoto umekatwa, waya umeachwa. Naanza na mbuyu ulio karibu zaidi na mnara wa taa wa Ras Serani. Miti mingine bado haina wenyewe.