Ondoa Mkono

Mwaka 2014 jijini Nairobi wanawake walivuliwa nguo kwenye steji na hata ndani ya basi, ikasemwa eti ni mavazi yao. Novemba wakaandamana, na kabla ya mwaka kwisha sheria ikawekwa: anayemvua mwenzake nguo kwa nguvu, kifungo kisichopungua miaka 10. Alhamdulillah. Lakini dadangu huvaa buibui, na jioni tukikimbilia futari makanga bado humshika kiuno akimpandisha. Sasa hapo mavazi yameingiaje? Nasi vijana tuliofunga tumekaa kiti cha nyuma, twatazama dirishani. Mimi pia, wallahi. Juzi mzee mmoja akasema tu, "Kijana, ondoa mkono." Makanga akauondoa. Dadangu akashuka kituo chetu bila kuniangalia.