Waliokaa Baada ya 1972: Kumbukumbu za Wapangaji Katikati ya Jinja na Mbale



Mgeni akitembezwa Main Street ya Jinja huambiwa atazame juu. Kule juu, mbele ya nyumba, pamechorwa kwa saruji jina la Mhindi aliyeijenga na mwaka aliomaliza. Chini yake kuna baraza lenye nguzo, halafu duka, na nyuma ya duka ua ambamo familia iliishi. Ataelezwa habari za pamba, reli ya Busoga iliyofika Namasagali mwaka 1912, na bwawa la Owen Falls lililofunguliwa 1954. Mbale ataelezwa kahawa ya Mlima Elgon. Hayo yameandikwa vya kutosha. Cyril na Rhona Sofer walichapisha utafiti wao kuhusu Jinja mwaka 1955. Mimi naanzia pale masimulizi hayo yanapokatika.

Tarehe 4 Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kuwafukuza Waasia, akawapa siku 90. Nyumba walizoziacha ziligawiwa, na nyingi zikaishia chini ya bodi ya serikali ambayo wengi wetu tuliijua kwa jina la Kastodiani. Kwa karibu miaka 20 katikati ya miji hii walikaa wapangaji wa bodi hiyo na wapangaji wa wapangaji wao: Wasoga, Wagisu, Wateso, Wajaluo, Wanubi. Duka moja lilikatwa kwa mbao likawa maduka matatu. Stoo ya pamba ikawa muzigo, yaani chumba cha kupanga, wa mwalimu na wanawe. Uani palipikwa na kaya kadhaa kwa zamu, ugomvi wa maji ukaamuliwa kwa Kiswahili kwa kuwa ndiyo lugha iliyowafikia wote. Huo nao ni mji, tena ndio mji ambao wengi waliomo ukumbini humu walizaliwa ndani yake. Mwongozaji wa watalii hana neno juu yake.

Nathubutu kusema kwamba kilichozihifadhi nyumba zile ni utata wa umiliki. Mpangaji hakukarabati kwa sababu si yake, wala hakubomoa kwa sababu hiyo hiyo. Sheria ya 1982 ikafungua njia ya mali kurejeshwa, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali ikalisukuma jambo hilo kwa nguvu. Wenyewe wakarudi, au wakatuma mawakala, wengine wakauza. Hati ikawa safi, na hati safi ndiyo humwita mwenye tingatinga. Kisha tarehe 1 Julai 2020 Jinja na Mbale zikawa majiji, na tangu hapo kila mwenye ploti anapiga hesabu ya akedi, yaani jengo la ghorofa lenye vijiduka vingi.

Sipingi akedi. Aliyewahi kupanga foleni ya bomba moja alfajiri halilii ukuta ule.

Ninachouliza ni nani anayehesabika wakati wa kujenga upya. Soko kuu la Jinja na la Mbale yalipojengwa upya kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, wachuuzi waliweza kudai vizimba vyao kwa kuwa soko lina daftari. Pale Masese, mjini Jinja, mradi ulioanza 1989 kwa msaada wa Denmark uliwafundisha wanawake wa mtaa kutengeneza vifaa vya ujenzi, wakajijengea. Mpangaji wa uani, nyuma ya Iganga Road au Naboa Road, hana daftari wala chama. Hupewa notisi tu, akaondoka na habari zake.

Napendekeza sheria ndogo ya jiji: kibali cha kubomoa nyumba ya zamani kisitolewe kabla wakazi wake wa sasa na wa zamani hawajahojiwa, na vyumba vyake kuchorwa jinsi vilivyotumika, si jinsi vilivyokusudiwa na fundi wa kwanza. Gharama iwe juu ya mwombaji. Naona wenye ploti wananikazia macho. Ada yenyewe itakuwa ndogo kuliko ya mchoraji ramani wenu. Nakala ibaki maktaba ya jiji.

Haraka yangu ina sababu. Aliyepewa chumba mwaka 1973 akiwa na miaka 25 sasa amevuka 75. Tuanze na hao mwezi huu, kabla hata ya sheria ndogo kupita, na yeyote aliyetunza risiti za kodi za bodi aje nazo.