Ntumba na Utulivu wa Mtu Kazini



Nimeombwa nizungumzie namna ya kuishi katika wakati uliopo bila kuzembea kazi. Wengi hudhani mambo haya yanagombana: anayetulia na saa aliyonayo hana mipango, na mwenye mipango hana nafasi ya kutulia. Mimi sikubali, na ushahidi wangu uko hapa hapa Ufipa.

Mvua zinapoelekea kuisha, udongo wa uwanda huu bado laini na majani yamesimama, mkulima wa ntumba, kilimo chetu cha matuta, hukwatua tabaka la juu, akaligeuza, majani yakafunikwa ndani ya tuta la mviringo. Juu ya tuta hilo anaweza kupanda maharage. Ndani, majani yanaoza. Mvua mpya zikishaanza, tuta linabomolewa, udongo wenye mboji unatandazwa na ulezi unamwagwa. Jembe la Machi, basi, ni chakula cha mwakani. Hata hivyo, kinacholimwa ni ardhi ya leo. Ukichelewa, inakauka na kugoma. Ukilipua kazi, majani yanabaki nje na hayaozi. Mpango wa mwaka mzima umekabidhiwa mtu anayetazama tuta moja lililo miguuni pake.

Wafua chuma wa zamani waliijua nidhamu hiyo. Malungu yao, matanuri ya udongo yenye urefu wa kama mita 3, masalia yake bado yapo hapa Ufipa. Hayakuvukutwa: hewa iliingia yenyewe kupitia matundu ya chini, na moto uliwaka siku kadhaa. Chuma kilichotoka kilikuwa bado na taka, kikasafishwa katika tanuri dogo lenye mivukuto, ndipo kikamfikia mhunzi wa majembe. Hakuna aliyeweza kuruka hatua kwa sababu jembe lilihitajika upesi. Roy Willis, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti kwa Wafipa miaka ya 1960, aliona jinsi walivyoithamini kazi. Naamini thamani hiyo ilijengwa katika shughuli za namna hii.

Siku hizi tunapima gunia la mahindi huku tukisoma bei ya soko la Tunduma kwenye simu. Tunasahihisha madaftari huku tukijibu ujumbe wa kikundi. Jioni tumechoka, na hatukumbuki tulichokifanya.

Sitaki kumwambia mzazi anayedaiwa ada kwamba atulie tu. Hofu yake ni ya kweli na ina haki ya kusikilizwa. Ila hofu hiyo ikiruhusiwa kuingia kila saa, inakula nguvu ya kazi ambayo ndiyo ingelipa ada. Ipewe muda wake: jioni, mume na mke wakae, daftari mezani, wahesabu madeni na mbolea, waamue. Kesho asubuhi shambani, hesabu hizo zibaki nyumbani.

Kwa ofisi na vikundi vyetu napendekeza jambo moja la kujadili mchana huu. Saa mbili za kwanza za kazi, simu ziwekwe kando isipokuwa ya anayepokea dharura, kila mtu ashike kazi moja mpaka ifike mahali pa kuachia. Vikao vianze baada ya hapo. Tujaribu tangu sasa hadi mavuno, kisha kila kikundi kilete taarifa ya kilichokamilika na kilichokwama.