Unyakuzi wa Saa Saba

Msikilizaji, siku ya kazi saa saba mchana, pita Bustani ya Jeevanjee katikati ya jiji la Nairobi. Utamkuta karani amelala chali kwenye nyasi, koti amelikunja kuwa mto. Kando yake bawabu amevua kofia na kulegeza kamba za viatu. Mhubiri anapaaza sauti, muuza njugu anapita polepole, na wale wawili hawana habari. Sisi tuna mzaha wetu: mtu wa namna hiyo tunasema anakula hewa, yaani mfukoni hana pesa ya chakula. Mzaha huo una ukweli wake, tena mchungu. Lakini leo nimekuja kuitetea ile hewa.

Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walichapisha matokeo ya jaribio moja jepesi. Wanafunzi 38 walisomewa tarakimu, kisha wakatakiwa kuzitaja kinyumenyume. Wakatumwa kutembea kwa karibu saa nzima, wengine kwenye bustani ya miti, wengine kwenye barabara za mji. Wiki iliyofuata wakabadilishana njia. Waliporudi kutoka mitini, walizitaja tarakimu kinyumenyume vizuri zaidi kuliko kabla hawajaondoka. Matembezi ya mjini hayakuwaongezea la maana.

Lililonishika mimi ni hili: waliotembea kwenye baridi kali ya Januari hawakuyafurahia matembezi hata kidogo, na faida waliipata vilevile. Basi mti haukufanyii kazi kwa kukuchangamsha tu. Kuna kitu kingine unachokitengeneza kichwani.

Stephen Kaplan na mkewe Rachel, wanasaikolojia wa chuo hichohicho, walikuwa wamekwisha kukieleza. Umakini wa kazini ni wa kujilazimisha. Ni kama mkono ulioshika ndoo ya maji: hata mwenye misuli, mwisho utatetemeka. Ukitoka ofisini ukaingia barabarani, ndoo hujaitua, maana lazima uikwepe bodaboda, umsikilize manamba, uishike simu yako vizuri isije ikaporwa. Lakini mti haukudai kitu. Majani yakitikisika, jicho linayafuata lenyewe, na ule mkono wa akili unapata nafasi ya kuitua ndoo.

Nairobi nayo ina bustani yake ya miti, ile Arboretum iliyo jirani na Ikulu. Ilianzishwa mwaka 1907, na sababu yake haikuwa mapumziko ya mtu yeyote. Garimoshi lilitaka kuni, serikali ya kikoloni ikataka kujua ni miti gani ya kigeni itakayokua upesi ilishe injini. Leo injini za kuni hazipo, na miti ile inawapumzisha watu wanaorudi kazini saa nane.

Lakini vivuli hivi havikubaki kwa bahati. Mwaka 1989 ilipangwa kwamba bustani ya Uhuru Park imegwe, lijengwe jumba la ghorofa 60, makao ya chama tawala na gazeti lake. Mwanamazingira Wangari Maathai akaandika barua, akapinga, akatukanwa hadi bungeni, na jumba halikujengwa. Mwaka 1991 ikawa zamu ya Jeevanjee: walitaka pawe maegesho ya magari. Zarina Patel, mjukuu wa Jeevanjee, mfanyabiashara aliyewapa wakazi wa jiji bustani hiyo mwaka 1906, akasimama kuitetea pamoja na wenzake. Magari yakakosa nafasi, karani wetu akaipata.

Ardhi, basi, tuliipigania. Sasa nasema kuna unyakuzi wa aina nyingine, wa kimyakimya, usio na tingatinga wala hati bandia. Kinachonyakuliwa ni saa yenyewe. Saa saba na dakika tano, ujumbe wa WhatsApp kutoka kwa mkubwa: "Uko wapi?" Saa saba na nusu, mkutano mfupi ambao haujawahi kuwa mfupi. Niliwahi kufanya kazi mahali ambapo kula ukiwa umeinamia kompyuta kulihesabiwa kuwa ni bidii. Tulisifiwa sana. Kisha kila saa tisa alasiri tulikosea hesabu, na saa kumi na moja tulikuwa tukizirekebisha. Ile saa tuliyojidai tumeiokoa tuliilipa jioni, pamoja na riba.

Nisije nikaeleweka vibaya. Mti haulipi kodi ya nyumba. Mwajiri anayechelewesha mshahara asidhani atawatuliza watu kwa kuwapeleka msitu wa Karura mara moja kwa mwaka, wakapigwa picha wamevaa fulana za kampuni. Na wapo wasio na bustani karibu. Pale Industrial Area, vibarua hukaa ukingoni mwa barabara, kwenye kivuli chembamba cha ukuta, malori yakiwapulizia moshi kwenye githeri yao.

Kwa hao, sidai msitu. Nadai miti miwili mitatu ndani ya ua wa kiwanda, na benchi chini yake. Kwa walio ofisini, nadai jambo lisilogharimu hata senti: saa ya mapumziko iwe ya mapumziko kweli. Pasiwe na simu wala ujumbe. Na katika saa nyingine za kazi, mazungumzo ya watu wawili wasiohitaji makaratasi yafanyike wakitembea kivulini. Na serikali za kaunti zikumbuke kwamba benchi la bustani na choo safi ni vifaa vya kazi, sawa na barabara inayomfikisha mtu kazini.

Kesho saa saba, msikilizaji, ukipita Jeevanjee ukamwona yule karani amelala, mwache. Anaitua ndoo yake, na saa nane ataibeba tena. Na kama wewe ndiye mkubwa wake, hilo swali la "uko wapi?" jibu lake umeshaliona kwa macho yako. Rudisha simu mfukoni, kisha tafuta mahali pako kwenye nyasi.