Mwanafunzi Asikatizwe Njiani

(Hotuba ya Ofisi ya Miradi ya Dayosisi iliyosomwa na Mratibu mbele ya wazazi na walezi wa shule yetu ya sekondari, mwanzoni mwa muhula wa pili)



Awali ya yote tunamshukuru Mungu aliyetufikisha siku ya leo. Tunawashukuru na ninyi, maana tunajua kwamba wengi mmeacha mahindi shambani na wengine mmetembea tangu alfajiri katika baridi hii ya kwetu Nyanda za Juu. Tunayo mambo manne ya kuwaeleza. Matatu ni taarifa, na la nne ni la kuamua pamoja.

1. Taaluma

Vijana wa kidato cha pili wanajiandaa kwa upimaji wa kitaifa, na wa kidato cha nne kwa mtihani wa kuhitimu. Yote miwili husimamiwa na Baraza la Mitihani. Tumegundua kwamba wazazi wengi hupokea ripoti ya mtoto, wakaikunja na kuiweka kabatini kwa sababu hawajui kuisoma. Basi tusaidiane. Alama 75 hadi 100 ni A, 65 hadi 74 ni B, 45 hadi 64 ni C, 30 hadi 44 ni D, na chini ya 30 ni F. Ukiona C usimgombeze mtoto kana kwamba ameshindwa. Anayetaka kuendelea na kidato cha tano anatakiwa kupata C au zaidi katika masomo yasiyopungua matatu, na masomo ya dini hayahesabiwi hapo. Kwa hiyo mtoto mwenye D nyingi bado ana nafasi, mradi tuamke naye sasa na si Oktoba.

Aidha, alama za kazi za darasani na mitihani ya shule huchangia matokeo ya mwisho ya kidato cha nne. Mtoto anayekosa wiki tatu za masomo kwa ajili ya mavuno amepoteza zaidi ya wiki tatu.

2. Mtaala mpya na mwaka 2028

Mtaala ulioboreshwa ulianza Januari 2024 kwa elimu ya awali, darasa la kwanza na la tatu, pamoja na mkondo wa amali wa kidato cha kwanza katika shule chache zilizokuwa tayari. Mkondo wa amali ni ule ambao mwanafunzi anasoma masomo ya kawaida huku akijifunza ufundi. Wazazi kadhaa mmetuuliza kama shule yetu itakuwa nao. Jibu ni kwamba amali huhitaji karakana, vifaa na walimu wa fani, na Bodi haitaki kufungua karakana yenye cherehani mbili na randa moja halafu tukawaita watoto mafundi. Tutakapokuwa na uwezo tutawaambia.

Jambo kubwa zaidi ni hili. Katika mpango huo elimu ya msingi inakuwa ya miaka sita badala ya saba. Watoto waliokuwa darasa la tatu mwaka 2024 watamaliza darasa la sita mwaka 2027. Mwaka huo huo, waliokuwa darasa la nne mwaka 2024 watamaliza darasa la saba kwa utaratibu wa zamani. Maana yake ni kwamba Januari 2028 makundi mawili yatagonga mlango wa kidato cha kwanza kwa pamoja. Shule zitajaa. Na ziko nyumba ambazo watoto wawili waliofuatana watahitaji sare, godoro, sanduku na madaftari siku moja.

Tunalisema mapema kwa sababu mapema ndiyo fedha ya maskini. Mzazi anayeweka Sh. 5,000 kila wiki, baada ya wiki 52 ana Sh. 260,000. Tunaviomba vikundi vya kuweka na kukopa katika sharika zetu viwe na fungu la kidato cha kwanza, lisiloguswa kwa harusi wala kwa mbolea.

3. Ada na chakula

Swali lililoulizwa sana ni hili: Serikali imefuta ada, kwa nini sisi tunalipa? Ni swali la haki. Kuanzia Januari 2016, kwa Waraka wa Elimu Na. 5 wa 2015, ada ilifutwa kidato cha kwanza hadi cha nne katika shule za Serikali. Kabla ya hapo mzazi wa shule ya kutwa alilipa Sh. 20,000 kwa mwaka, na wa bweni Sh. 70,000. Mwaka wa masomo 2022/2023 kidato cha tano na cha sita nao wakaingizwa. Shule za madhehebu hazimo katika mpango huo. Mshahara wa mwalimu wetu, umeme wa bweni na unga wa uji vinatoka kwenye ada mnayoleta na kwenye michango ya sharika. Hakuna kisima kingine.

Pamoja na hayo, tunajua kwamba mkulima hana mshahara wa mwisho wa mwezi. Hivyo basi, ada italipwa kwa awamu nne. Mzazi anayeleta mahindi au maharage atapokelewa: mzigo utapimwa kwa mizani mbele yake na kukatiwa stakabadhi kwa bei ya soko ya siku hiyo. Asiyeweza kufuata awamu aje ofisini kwa Mkuu wa Shule kabla ya tarehe kupita. Anayekuja kuzungumza tutamsikiliza, lakini anayenyamaza hatuna namna ya kumsaidia.

Kuhusu jiko, mnafahamu kwamba Serikali iliagiza taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 ziachane na kuni na mkaa. Kwa sababu hiyo mchango wa kuni uliokuwa ukiletwa na kila mwanafunzi hautakuwepo tena. Tunaomba msiugeuze kuwa akiba ya soda, bali uongezwe kwenye chakula.

4. Wasichana wanaorudi shuleni

Hapa tunaomba tutulie kidogo.

Kwa miaka mingi msichana aliyepata mimba alifukuzwa shule, na habari yake ikaishia hapo. Novemba 2021 Serikali ilitoa Waraka wa Elimu Na. 2, unaoruhusu wanafunzi waliokatiza masomo kwa sababu mbalimbali, ikiwemo kujifungua, kurejea katika mfumo rasmi. Katika kikao kilichopita baadhi yenu mlisema kwamba tukiwapokea wasichana hao shule ya Kanisa itaonekana inabariki dhambi, na kwamba wataharibu wenzao. Tulisikia, na hatukuidharau hofu hiyo. Ni hofu ya mzazi anayempenda mtoto wake.

Lakini tuangalie kinachotokea huku kwetu. Binti aliyefukuzwa hakai nyumbani akitubu. Baada ya miezi michache anakuja dalali, anamwachia bibi mtoto, na binti anapandishwa basi kwenda Dar es Salaam kufanya kazi za ndani. Anaporudi, kama anarudi, mara nyingi ana mtoto wa pili. Na yule aliyempa mimba je? Mara nyingi tunamwona sokoni, na wakati mwingine tumemwona kwenye meza ya mazungumzo akitoa ng'ombe ili mambo yaishe. Tangu Sheria ya Elimu ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2016, anayempa mimba mwanafunzi au kumwoa anakabiliwa na kifungo cha miaka 30. Mzee anayepokea ng'ombe huyo anamfichia mhalifu, na anamwadhibu aliyeumizwa.

Kumpokea binti si kubariki kilichotokea. Mtoto akianguka kisimani humtoi kwanza maelezo. Unamtoa kwanza yeye. Wenzake watajifunza nini kwake? Wakimwona anasoma usiku huku akiwaza homa ya mtoto wake, hawatatamani kuwa kama yeye. Watamheshimu, na watajihadhari.

Bodi inapendekeza hivi. Binti atarudi akiwa na mzazi au mlezi aliyekubali kwa maandishi kumtunza mtoto mchanga. Matroni atakuwa mshauri wake. Mwalimu au mwanafunzi atakayemkejeli ataitwa kwenye nidhamu. Na kila mimba ya mwanafunzi itaripotiwa, bila kujali baba ni nani wala anakaa kiti gani kanisani.

Tunaomba mjadiliane katika sharika zenu, kisha wawakilishi walete jibu kabla ya muhula kufungwa. Wapo mabinti walio tayari kurudi Januari, nao wanasubiri neno lenu.

Mwisho, tunawaomba mambo madogo matatu: mkague madaftari siku za likizo, mlete sweta na blanketi la mtoto wiki hii kabla baridi haijazidi, na msimwachie dalali yeyote binti aliye shuleni, hata akija na barua ya ndugu.